Mvua Iliyomkuta Bibi Bustanini

Mguu unaoburuzwa una sauti yake. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, nikaisikia nyuma yangu: fimbo kwanza, tak, halafu mguu mzima, halafu ule mwingine ukifuata sakafuni polepole, kama mtu anayefagia huku akiwaza mambo mengine. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitamkuta mtu nisiyemfahamu, mzee wa watu aliyefuata dawa zake, na bado uso wangu uliniwaka. Ndiyo maana nawasimulia ninyi. Watu wa nyumbani sijawahi kuwaambia.

Nilikuwa na miaka kumi wakati Bibi, mama yake Baba, alipopatwa na kiharusi. Tulikaa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa mjini, gereji ya Baba ikiwa mbele na vyumba vyetu nyuma, hata wali wetu ulikuwa na harufu ya grisi kidogo. Ilikuwa katikati ya mvua za Aprili. Bibi alikuwa anachambua mchele, sinia ikamponyoka, tukadhani amesinzia. Aliporudi kutoka hospitali, upande wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yameondoka. Huyu ni mwanamke aliyeweza kugombana na muuza makaa, kumbembeleza mtoto na kumwitikia jirani salamu, vyote kwa pumzi moja. Sasa alibaki na neno moja tu, "apana", na alilitumia kwa kila kitu. Chai akiitaka, apana. Asipoitaka, apana. Ilibidi tujifunze kusikiliza jinsi sauti inavyopanda au kushuka ndani ya ile apana, ndipo tujue anataka nini. Mimi nilijisifu kwamba katika nyumba nzima hakuna aliyeielewa kunishinda.

Daktari alisema atembee kila siku, mahali penye kivuli na njia iliyonyooka. Buyenzi mahali kama hapo hapakuwepo. Njia zetu zilikuwa na mitaro, baiskeli, na watu wanaotaka wasalimiwe kila baada ya hatua mbili. Baba akachagua bustani ya umma kule mjini. Msindikizaji nikawa mimi, kwa kuwa nilisoma zamu ya asubuhi na dada zangu walikuwa na jiko. Usafiri ulikuwa magari ya wateja, kwa maana kila alasiri Baba alikuwa na gari la kujaribu. Leo tunashuka kwenye Corolla isiyo na taa, kesho kwenye jipu la mkubwa fulani. Mlinzi wa getini aliamini kwa muda mrefu kwamba sisi ni matajiri wa ajabu, akawa anatupigia saluti.

"Umushike mukono wa kulia," Baba aliniambia siku ya kwanza. "Usimwache hata kidogo. Umesikia?"

"Ndiyo, Baba."

Tulianza Juni, kiangazi kikiingia. Majani ya bustani yaligeuka rangi ya mkate uliokauka, yakawa yanalia chini ya miguu. Vumbi lilijaa hewani mpaka milima ya Congo, ambayo siku nyingine huonekana ng'ambo ya ziwa, ikapotea kabisa, kana kwamba nchi ya jirani imehama. Tulitembea kutoka benchi mpaka benchi. Julai mabenchi mawili, Agosti manne. Kulikuwa na mfagiaji mmoja, Mama Esperansi wa mtaa wa Mutakura, mwanamke mnene mwenye koti la kijani, aliyesimamisha ufagio kila tukipita akamsalimia Bibi kwa Kirundi, "Mwiriwe, muvyeyi," yaani za alasiri, mzazi, kisha akanigusa kichwa. "Huyu mutoto iko na roho nzuri," alisema. Nilipenda kusikia hivyo. Nadhani nilipenda kuliko nilivyopenda kumwona Bibi akitembea.

Septemba jacaranda zikachanua, njia zikawa za zambarau, na mimi nilikuwa nimechoka. Wenzangu wa rika walicheza kamba nje ya nyumba zao. Mimi nilihesabu hatua za mtu mzima. Mate ya Bibi yalimtoka upande wa kulia wa mdomo, nami nilikuwa na kitambaa cha kumpangusa. Watu wakipita nilikificha kile kitambaa.

Jumamosi zilikuwa tofauti, kwa sababu ya maharusi. Walikuja na magari yenye riboni kupiga picha kwenye maua, na kama kulikuwa na jua kali au wingu baya walijikusanya chini ya kibanda cha nyasi upande wa pili wa bustani. Jumamosi moja ya Oktoba, mvua ikiwa bado haijanyesha hata mara moja tangu kiangazi kianze, alikuja bibi harusi mwenye gauni lenye mkia mrefu, umebebwa na watoto wanne waliovaa sare nyeupe. Mimi pia siku ile nilikuwa na gauni jeupe, la Idi. Nilimkalisha Bibi kwenye benchi.

"Bibi, naenda kuangalia nguo tu. Narudi sasa hivi."

Alinishika mkono kwa mkono wake mzima, wa kushoto. "Apana," alisema.

Niliijua ile apana. Sauti ilishuka mwishoni; ilikuwa hapana ya kweli. Nikajifanya nimesikia ile nyingine, inayopanda, nikachomoa vidole vyangu kimoja kimoja, nikaenda.

Sikurudi sasa hivi. Kulikuwa na keki, na msichana mmoja aliyenigawia Fanta akidhani mimi ni wa upande wa bwana harusi. Mbingu zikawa nyeusi. Radi ikapiga, mtoto mmoja kati ya wale wanne akalia na kukimbilia mgongoni kwa mama yake, akakataa kutoka. Mpiga picha alichungulia huku na huku, akaniona.

"We mutoto mwenye gauni nyeupe, kuya apa! Simama apo, shika mukia."

Nikashika. Hapo ndipo mvua ilipoanguka, yote kwa mara moja, kama kontena la mabati limemwagwa. Harufu ya vumbi lililolowa ikapanda mpaka machoni. Na kupitia ile mvua nilimwona Bibi. Alikuwa amesimama. Alikuwa amesimama peke yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Aprili, na mkono wa kushoto aliuinua juu, akiupunga kuelekea kibandani. Fimbo ilikuwa imeanguka.

Ningependa kuwaambia kwamba sikumwona vizuri. Nilimwona vizuri kabisa.

"We wa pembeni! Angalia apa! Cheka!"

Nikacheka. Mahali fulani hapa mjini, ndani ya albamu ya watu nisiowajua, niko mimi nimeshika mkia wa gauni na meno yangu yote yako nje. Nilipogeuza uso tena, Bibi alikuwa chini, kwenye tope, na Mama Esperansi alikuwa ametupa ufagio anakimbia na koti lake la kijani. Alimbeba kama anavyobebwa mtoto, akampeleka kwenye kibaraza cha stoo ya majembe.

Na hata hapo sikukimbia. Nilingoja mvua ipungue. Nilikuja na kipande cha keki kimefungwa kwenye karatasi, nikidhani kitanisaidia.

Bibi alikuwa amekaa juu ya gunia, amefunikwa kitenge cha Mama Esperansi, anatetemeka. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Mama Esperansi aliniangalia, kisha akaangalia ile keki. Nikaificha nyuma ya mgongo. Hapo Baba akaingia getini mbio, viatu vimejaa maji.

"Imekuwaje? Mama! Imekuwaje? Hadija, ulikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo. Uongo nilikuwa nao tayari, nadhani. Lakini Bibi aliinua mkono wake wa kushoto, akameza mate, na shingo yake yote ikakaza kama mtu anayeinua mzigo.

"Mi," alisema. "Mi ndiye… nilimutuma… mayi."

Mvua ilikuwa inagonga mabati. Baba alipiga magoti palepale kwenye maji.

"Mama! Umesema? Mama, sema tena!"

"Nilimutuma mayi," Bibi alisema, akafumba macho.

Baba alilia. Sikuwahi kumwona akilia, mtu aliyekuwa anashika betri za gari kwa mikono mitupu. Alisahau kilichotokea, akasahau kuuliza hayo maji yako wapi. Alinikumbatia mimi na Bibi pamoja, na keki ikapondeka nyuma yangu.

Jioni ile nyumba ilijaa. Mama alipika pilau, majirani walikuja na sambusa, sheikh wa mtaa wetu akasoma dua. Kila aliyeingia alihadithiwa: miezi sita ya apana, halafu leo, sentensi nzima! Na kila mmoja alinishika kichwa. "Ni huyu mutoto," Baba aliwaambia. "Ni kwa kutembea naye. Mungu amemujibu huyu." Walinipa kipande kikubwa cha nyama. Nilikitafuna, nikaenda kukitema chooni.

Bibi alikohoa siku kumi na mbili. Watu walisema ni majira tu yanabadilika.

Tuliporudi bustanini, milima ya Congo ilikuwa imerudi mahali pake, imeoshwa, na majani yalikuwa ya kijani mpaka yanaumiza macho. Desemba miti ya flamboya ikawaka nyekundu. Mama Esperansi alimsalimia Bibi kama kawaida. Mimi hakunigusa tena kichwa. Nilimwamkia kila siku, na kila siku alifagia. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu pekee, na nilikuwa karibu kushukuru kwa ajili yake.

Maneno ya Bibi yalirudi moja moja: majina yetu, kisha chumvi, kisha matusi, ambayo yalitoka safi kuliko yote. Nilingoja aseme. Kiangazi kilipoingia tena, majani yakianza kulia chini ya miguu, nilijipa moyo.

"Bibi, ile siku ya mvua…"

"Tembeya," alisema. "Bado mizunguko mbili."

Alifariki nikiwa na miaka kumi na sita, bila kulitaja.

Miaka mingi nilijiambia kwamba ile sentensi ilimponyoka tu, kwamba akili yake ilikuwa imechanganyika akaamini kweli alinituma. Ilinifaa kuamini hivyo. Halafu nilipojifungua binti yangu, kitanda cha jirani hospitalini kilikuwa na mgeni mnene, mwenye mvi sasa, aliyenitazama sana: Mama Esperansi.

"Weye ni wa ule mukecuru, ule bibi muzee wa bustani," alisema.

Tukasalimiana. Nilimwomba radhi, ovyo ovyo, kwa jambo ambalo wala halikumhusu. Akatikisa kichwa.

"Unajua alikuwa anafanya nini pale kwenye gunia? Mi nilifikiri anasali. Anasema polepole, anakosa, anaanza tena. Nilimutuma. Nilimutuma. Mpaka baba yako akafika."

Alikuwa anajifunza. Alikuwa amelowa, ametupwa na mjukuu wake, anatetemeka kwa baridi, na nguvu kidogo aliyokuwa nayo aliitumia kunitengenezea uongo, silabi kwa silabi, mbio mbio kabla mwanawe hajaingia getini. Neno "aliniacha" lingekuwa fupi zaidi. Utotoni nilidhani nimeponea chupuchupu. Sikujua kwamba kuna mtu alikuwa amefanya kazi yote hiyo ili niponee, na kwamba alinijua vizuri kuliko nilivyomjua, maana aliona kabisa kwamba mimi mwenyewe nisingesema ukweli.

Idi iliyopita Baba, ambaye sasa anasahau mengi lakini hili hasahau, alimkalisha binti yangu mapajani akaanza kumsimulia jinsi mama yake alivyomrudishia Bibi sauti. Mtoto alinigeukia na macho makubwa. "Ni kweli, Mama?"

Nina ulimi mzima, sijaugua hata siku moja. Nilikaa pale na birika mkononi, nikalitafuta neno moja tu, apana, na sikuweza kulitoa.