Salamu za Mwalimu wa Michezo

Mwalimu wa michezo huwapima wakimbiaji wake kwa salamu. Husimama kwenye kona ya uwanja wa vumbi, kitenge kiunoni, na kila Hilda, mmoja wa wakimbiaji hao, anapopita humuuliza kwa sauti ya sokoni, "Habari za nyumbani? Mama hajambo? Mtama umetoa masuke?" Anayejibu yote, mwalimu husema, mwili wake unachoma magogo, moto wa kufika mbali; anayemeza maneno kwa kuhema ameshawasha nyasi, na moto wa nyasi hauivishi ugali.

Siku ya kumchagua wa kwenda mashindano ya mkoa, wenzake walichomoka, Hilda akabaki nyuma akijibu kila swali huku machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, wananiacha."

"Waache, mwanangu. Mtama je?"

"Umetoa."

Mzunguko wa mwisho mwalimu hakumsalimia. Alivua kandambili, akazishika mkononi, akakimbia naye pembeni mwa mstari wa chokaa. "Haya, sasa choma nyasi zote." Hilda akawapita mmoja mmoja. Alipokata utepe aligeuka kumtafuta mwalimu, akamwona ameketi vumbini, anahema, hawezi kutamka neno, akimpungia mkono kwa ukali: usikae, tembea.