Gari la Matumizi ya Nyumbani

Miaka kumi na tisa alikaa kwenye meza ile ile ya ghorofa ya pili, feni ikilalamika juu ya kichwa chake, akiuza bima za magari. Watu walimwita Dada Bima. Hata marehemu mumewe alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Wateja walimpenda. Wengine walipita ofisi tatu za bima kwenye barabara ile ile, wakapanda ngazi, wakamsubiri amalize chai yake.

Wala hakuwa na uchawi. Aliwajua wenye magari, basi. Mtu atalizunguka gari siku tatu, atapiga teke matairi, atajaribu redio, atagombana na mkewe kuhusu rangi. Akifika kwenye bima, "Niandikie ya bei ndogo, nina haraka." Masharti asome nani? Anachotaka ni ile karatasi ya kubandika kiooni, askari wasimsumbue. Ukimchelewesha ananuna.

Kwa hiyo Dada Bima hakumchelewesha mtu. Fomu ilikuwa na swali moja baya: gari litafanya kazi gani? Gari la biashara lilitozwa karibu mara mbili ya gari la nyumbani, na mteja akiisikia bei hiyo, huyoo, kashuka ngazi kwenda kwa jirani. Basi yeye hakuuliza. Alitia alama penye "matumizi ya nyumbani", akaigeuza fomu, akaonyesha pa kusaini. Wenzake wote walifanya hivyo, na majirani pia. Mwisho wa mwaka wateja walipoulizwa kama wameridhika, walijibu wameridhika sana. Mteja wa bima huridhika mpaka siku anapoihitaji, lakini hilo nani alikwenda kuwauliza?

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa kwao. Mama yao alifariki mtoto hajaanza kutembea, na aliyembeba mgongoni alikuwa dada huyu. Kijana alikua akawa msambazaji wa mikate, miaka mingi akiendesha baiskeli yenye sanduku nyuma, mpaka akajikusanya na kununua gari dogo la mizigo, kuukuu lakini zima. Siku aliyolileta, Dada Bima aliteremka barabarani, akaigusa boneti, akalia kidogo kwa furaha. Kisha akampandisha juu na kumwandikia bima kubwa, ile inayokulipa hata gari lako mwenyewe likiharibika.

"Dada, hujaniuliza nitabebea nini," mdogo wake alisema.

"Nisikujue wewe? Saini hapa, baba, watu wanangoja."

Mkono ulikuwa umekwisha kwenda wenyewe kwenye alama ile ile. Si kwamba alitaka kumfanyia hila, jamani. Mazoea yana taabu.

Mwezi wa nane, asubuhi ya mvua, lori lililokatika breki lilimgonga mdogo wake kwenye mzunguko wa barabara, na dereva wake akatoroka. Gari lake lilikunjwa. Yeye alitolewa mguu umevunjika mahali pawili, na mikate ikatapakaa lami nzima. Mkaguzi wa bima alipofika hakuhitaji kuuliza sana. Alipiga picha makreti ya mikate. Wiki tatu baadaye barua ikaja: gari liliandikishwa la nyumbani, limekutwa kwenye biashara, hakuna malipo.

Mdogo mtu alikata rufaa, na meneja akawaita wote wawili. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Kama ingejulikana kwamba ofisi yenyewe ndiyo iliyotia alama bila kuuliza, kampuni ingelazimika kulipa, kijana angepata gari lingine. Dada Bima alilijua hilo kuliko yeyote. Alijua pia kwamba angefukuzwa siku hiyo hiyo, miaka miwili kabla ya kustaafu.

Mdogo wake alimsubiri kwenye ngazi, ameegemea magongo.

"Wewe nyamaza, dada. Nitasema nilikudanganya."

"Siwezi. Hiyo ni dhambi."

"Umenilea wewe. Niachie na mimi nikufanyie kitu kimoja."

Waliingia. Meneja alikuwa mtu mpole, aliwavutia viti kwa mkono wake. Kijana akaeleza, bila kutazama pembeni, kwamba alisema gari ni la nyumbani apate bei nafuu. Meneja akamgeukia dada.

"Ni kweli, mama?"

Alikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusema hapana. Meneja hakumharakisha.

"Ndiyo," akasema. "Aliniambia la nyumbani."

Jina la kijana likaingizwa kwenye orodha ya wadanganyifu, ile ambayo kampuni zote hupeana. Bima kubwa hauziwi tena na mtu. Aliajiriwa kiwanda cha mikate kupanga makreti, akisimama kutwa juu ya mguu uliounga vibaya. Hakumtajia dada yake habari hiyo hata mara moja, na dada alitamani angalau angemtukana.

Jumamosi moja mchana mke wa mdogo wake alimtembelea, peke yake. Aliketi pembeni mwa kiti, maji aliyopewa hakuyagusa.

"Wifi, nimekuja kukuomba msamaha."

"Wa nini tena, wifi yangu?"

"Mume wangu alikuongopea, akataka kukuponza kazini kwako. Wewe uliyemlea! Nimegombana naye mpaka nimechoka. Namuuliza, ulishindwaje kumwambia dada yako ukweli? Hanijibu. Anainamisha kichwa tu." Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Usimchukie, wifi. Si mtu mbaya."

Dada Bima alifungua mdomo. Ukweli ulifika mpaka kwenye meno. Akamwona mwanamke yule amejikunja kwa haya mbele yake, akawaza atakavyoinuka kutoka kiti kile akiujua ukweli, atakavyotoka mlangoni, na nani mwingine atakayesikia kwake.

"Yamekwisha, wifi," akasema. "Mwambie nimemsamehe."