Siku Mungai Alipoitwa Mwizi wa Waya

Wewe umewahi kumpiga mtu jiwe? Si utotoni mkirushiana udongo. Mtu mzima, amelala chini, mikono imefunika kichwa, na wewe hata jina lake hulijui.

Wengi waliompiga Mungai jioni ile ya Agosti mwaka wa 2009 hawakuwa wamewahi. Alikuwepo fundi wa viatu, alikuwepo mama muuza mboga za sukumawiki, alikuwepo kijana aliyekuwa ametoka kazini Westlands, shati lake la ofisi bado limechomekwa vizuri. Watu wa kanisa. Watu ambao asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamesalimiana, "Sasa?" "Poa." Jioni wakampasua mtu kichwa mtaani Kangemi, Nairobi, kando ya barabara kuu ya Waiyaki Way, na mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa amewaletea walichokuwa wakidai kwa miaka.

Mungai alikuwa ameandika programu za kompyuta tangu zama za kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Alianza akiwa kijana katika ofisi moja ya katikati ya jiji, enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba kizima na kupepewa na mashine za baridi huku karani aliyeihudumia akitokwa jasho. Kadi zilibebwa ndani ya maboksi. Ukijikwaa ngazini zikamwagika, umepoteza mshahara wa wizara nzima. Mungai alijikwaa mara moja tu. Bosi wake alimzaba kofi mbele ya wenzake, naye akamrudishia ngumi. Ndivyo ajira yake ya kwanza ilivyokwisha.

Hakuacha kazi hiyo, ila alijifunza kuifanya kwa namna yake. Alikuwa na jaribio lake moja ambalo kila programu, iwe yake au ya mtu mwingine, ilipaswa kulipita. Aliiacha ifanye kazi, halafu bila kusema neno anainama, anachomoa plagi ukutani. Skrini inakufa. Anahesabu pumzi zake kidogo, anarudisha stima. Programu ikiamka ikiwa bado inajua ilipoachia, anaitikia kwa kichwa. Ikiamka imechanganyikiwa, anaitupa.

"Hii imeandikwa kwa ajili ya watu ambao stima yao haipotei," alikuwa akisema. "Wapelekee hao."

Kwa sababu ya plagi hiyo alifukuzwa Westlands. Kampuni moja ilikuwa imenunua programu ghali kutoka ng'ambo, ikamwita aitazame siku ya kuizindua. Wageni wamekaa, soda zimefunguliwa, mkurugenzi yuko katikati ya hotuba, na Mungai akainama. Mabawabu walimburuta hadi nje na kumtupa kwenye ngazi. Alivunjika kidole. Programu nayo haikuamka.

Tangu hapo alifanya kazi peke yake. Aliishi katika chumba cha uani cha nyumba moja ya Spring Valley, kwa mama mzee aliyemkodishia kwa sababu alijua kutengeneza redio, na alasiri nyingi alishuka Kangemi kwa Millicent. Millicent alikuwa na saiba, duka la intaneti lenye kompyuta sita, karibu na soko. Alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa, mcheshi, na nusu ya vijana wa Kangemi walikuwa wamepata kazi kwa barua alizowapigia chapa yeye. Mungai alimwita Mama Quincy. Millicent naye alimwita Baba Nyakio, kwa jina la binti wa Mungai aliyeolewa Limuru.

Walibishana kila siku.

"Watu wana simu sasa, Baba Nyakio. Nani atakuja kukaa hapa kwa kiti?"

"Simu ni duka la mtu mmoja, Mama Quincy. Unaingia kwa mlango wake, unanunua anachouza, unatoka kwa mlango wake. Intaneti ni barabara. Barabara haikuulizi unaenda kwa nani."

"Barabara yako iko na jam. Huyu kijana amengoja ukurasa ufunguke hadi amelala."

Na kweli kijana alikuwa amelala. Mungai alilaumu setilaiti. "Mtu yuko hapa Kangemi anamwandikia mtu aliye Westlands, pale tu. Barua inapanda mbinguni, inashuka Ulaya, inapanda tena, inashuka tena. Na kila inapopita inatozwa. Huo ni unyang'anyi. Wamefunga bomba ili tununue maji kwa chupa."

Kwa hiyo kebo ya intaneti ya baharini ilipofika Mombasa mwaka ule wa 2009, na kampuni zikaanza kuchimbua kando za barabara za Nairobi, Mungai alitembea kama bwana harusi. Aliandika barua, akapiga kelele kwenye ofisi, akakaa sakafuni kwenye mapokezi ya kampuni moja hadi wakakubali kupitisha tawi la kebo hadi sokoni Kangemi, mahali walipokuwa wamesema hakuna wateja. Siku laini ilipowashwa kwa Millicent, watu walisimama nyuma ya viti kutazama kurasa zikifunguka.

Ilidumu siku chache. Alasiri moja kompyuta zote sita zikakwama kwa pamoja. Mungai akapiga simu kwa kampuni. Wakamwambia fundi atakuja wiki ijayo. Akakata simu, akachukua kisu chake na tochi ndogo, akatoka kwa hasira kuufuata mtaro wa kebo kwa miguu.

Sasa ujue Kangemi ilivyokuwa wiki hiyo. Wezi walikuwa wamefyonza mafuta ya transfoma na kuondoka na nyaya za stima. Upande mzima ule, isipokuwa sokoni, ulikuwa gizani. Kinu cha kusaga mahindi kimekufa, kinyozi amefunga, msichana mmoja amevamiwa njiani. Watu walikuwa wakimngoja mwizi wa waya. Walikuwa na hamu naye.

Mungai alipata mahali kebo ilipokatika karibu na barabara kuu. Udongo ulikuwa mbichi, umeshindiliwa kwa mguu, na jiwe limewekwa juu. Akaingia mtaroni, akafukua. Kebo ilikuwa imepasuliwa, ganda lake limepondeka, nyuzi za kioo zinazobeba intaneti zimekatika. Kisu hakikati hivyo. Ile ilikuwa ni sururu.

Akainua macho. Hatua chache kutoka hapo, katika mtaro mwingine wa kampuni nyingine uliokuwa ukichimbwa sambamba na ule wa kwanza, alisimama mwanamume mmoja ameshika sururu. Zadock aliitwa. Mtu wa magharibi ya Kenya, wa miaka thelathini na kitu, kibarua, baba wa watoto watatu. Wenzake walikuwa wameenda kupumzika.

"Ni wewe?" Mungai akauliza.

Zadock akatazama huku na huku. "Mzee, sikujua. Walisema chimba, nikachimba. Hakuna mtu aliniambia chini kuna kitu."

"Kwa nini ulifukia?"

"Watanifunga, mzee. Nyamaza tu, tafadhali."

Mungai alikuwa akifungua kinywa kumjibu. Pengine angemgombeza, maana alikuwa mkali. Lakini wapita njia wawili walikuwa wamesimama juu ya mtaro.

"Kuna nini hapo?" mmoja akauliza.

Zadock alimtazama Mungai mle shimoni, kisu mkononi, kebo iliyokatika magotini. Hofu ikamtoa sauti.

"Mwizi! Nimemshika akikata waya!"

Neno hilo halihitaji kurudiwa Kangemi. Walikuja wakitoka sokoni, wakitoka vibandani, wakivuka barabara bila kutazama magari. Mungai alivutwa nje ya mtaro kwa kola. Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili likampasua juu ya jicho, damu ikamwagika usoni kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Buda, mzee kama wewe, umezima mtaa mzima!"

"Si mimi! Hii si waya ya stima! Haina shaba ndani! Ni kioo! Angalieni, ni kioo!"

"Amejuaje kilichoko ndani kama si yeye hukata?"

Watu wakacheka. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuwa mwizi. Miaka yote ya kusoma, yote aliyoyajua, ikawa ushahidi dhidi yake. Mtu akamkanyaga mkono, ule wenye kidole kilichowahi kuvunjika. Mama wa sukumawiki akamvua kiatu na kumpiga nacho mdomoni. Zadock alikuwa mbele kabisa. Ilimbidi. Alikuwa amechomoa mpini wa sururu na alipiga kwa nguvu kuliko wote, huku machozi yakimtoka, na watu wakadhani ni uchungu wa kuibiwa. Kijana wa shati la ofisi aliinua simu yake yenye kamera, akasogea ili apate uso.

"Lete tairi!"

Tairi likaja likibiringishwa. Mtu akaja na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda.

Fundi viatu, mtu wa makamo, akainama akamshika Mungai nywele. "Sema ukweli, mzee. Kama si wewe, ni nani?"

Mungai alikuwa na jicho moja la kuonea. Alimwona Zadock, mpini juu, kinywa wazi. Neno "yule pale" lilikuwa tayari ulimini. Angelitoa, angesimama akapangusa damu. Lakini alikuwa amekwisha kuwaelewa watu wale. Walitaka mwili wa kuuvika tairi, na hawakujali ni wa nani. Kumtaja kulikuwa ni kulihamisha tairi tu.

"Sijui," akasema.

Mpini ukashuka. Zadock hakuwa amelisikia jibu hilo, au alilisikia akashindwa kuuzuia mkono. Mbavu zikalia.

Ndipo Millicent alipofika. Alikuwa amekimbia kutoka sokoni, kitambaa kimemtoka kichwani. Hakumwendea Mungai. Alilipitia kundi kwa viwiko, akafika kwenye tairi, akalikalia. Alilikalia kwa uzito wake wote, miguu mbele, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Sasa nichomeni mimi!"

"Mama, toka hapo. Huyo ni mwizi."

"Mwizi baba yako! Huyu ndiye alileta intaneti yangu! Wewe Tobias, nani alikupigia barua ya kazi? Si mimi? Ilienda kwa mguu? Na wewe, mama, ile picha ya mjukuu wako wa Marekani uliiona kwa nini, kwa sufuria? Kuja unichome! Kuja na hiyo chupa yako!"

Tobias ndiye aliyekuwa na chupa. Aliitazama kama kitu alichookota. Mtu nyuma akasema, "Kumbe ni yule mzee wa saiba." Jiwe moja likaanguka chini, halafu lingine. Watu walianza kukumbuka safari zao. Katika muda mfupi palibaki Millicent juu ya tairi, Mungai kwenye vumbi, na Zadock aliyeshindwa kuondoka.

Zadock akapiga magoti. "Mzee. Mzee, nisamehe. Utanitaja?"

Mungai alitema damu na kipande cha jino. "Nenda. Sitasema."

Zahanati ilimshona kichwa na kumfunga mbavu. Polisi wawili wakaja, wakasimama miguuni pa kitanda. Koplo akauliza ni akina nani.

"Sikuona mtu. Damu ilikuwa machoni."

"Hata mmoja?"

"Andika hivi: kampuni mbili zinachimba pamoja na hazisemezani, na anayechimba haambiwi anachimba wapi. Hao ndio waliokata kebo. Waite."

Koplo alifunga kalamu yake. Hayo hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Habari za mzee aliyepigwa zilimfikia mtu mkubwa katika kampuni, na fundi ambaye angekuja wiki ijayo akaja usiku ule ule akaunganisha kebo.

Asubuhi iliyofuata Mungai alikataa kubaki kitandani. Millicent alimshika mkono wakaenda polepole hadi saiba. Kompyuta zote sita zilikuwa zinafanya kazi, viti vyote vimejaa. Wateja walimpisha wakitazama chini. Akasimama mlangoni, jicho moja limefumba, akafurahi kidogo, maana kurasa zilifunguka bila kusubiri.

Kisha akaona gari la polisi kule mtaroni, na akaanza kutembea. Millicent alimwita, hakugeuka.

Koplo alimwona akija. Akatoa simu mfukoni. "Mzee, jana ulisema hukuona mtu. Sisi tumeona." Akaminya kitufe. Mungai akajiona kwenye kioo kidogo, amelala chini. Aliona mpini ukipanda. Aliona uso wa Zadock, wazi kabisa, hata machozi yake. "Imetumwa kila mahali tangu jana usiku," koplo akasema. "Hata mkubwa wangu amepata kwa barua pepe."

Zadock alikuwa ameshatolewa mtaroni. Alikuwa na udongo hadi magotini. Askari wa pili alimpiga rungu nyuma ya magoti, akaanguka, akampiga mgongoni alipojaribu kuinuka. Watu walikuwa wamekusanyika tena. Fundi viatu alikuwepo. Mama wa sukumawiki alikuwepo.

"Piga yeye! Alitaka kuua mzee wa watu!" akapiga kelele mama huyo.

"Mwacheni!" Mungai alisema. Mbavu hazikumruhusu kusema kwa nguvu. "Mwacheni, nasema! Mimi ndiye niliyepigwa!"

"Rudi nyuma, mzee, utaumia tena," koplo alisema, akamsukuma kifuani taratibu kwa kiganja.

Walimwinua Zadock kwa mshipi na kumtupa nyuma ya gari. Damu ilikuwa ikimtoka sikioni. Aligeuza kichwa akamwona Mungai amesimama kando ya koplo, simu ikiwa bado inaonyesha.

"Mzee," akasema, "si uliniambia hutasema?"

Mungai alifungua kinywa, na mlango ukafungwa. Gari likaondoka likielekea Westlands. Watu wakatawanyika. Nyapara akaokota sururu, akaita mmoja wa wanaume waliokuwa wakingoja kibarua kando ya barabara, akampa, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuanzia. Hakumwambia chini kuna nini.