Kifungu Kilichofutwa

Wakati Palma yote inazungumzia gesi, mimi nilikuwa fundi wa mafriza Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Chumba cha uani, katika nyumba aliyoniachia mama, watu walijua nimempangisha mwalimu, mtu wa kutoka bara huko juu, Mkristo, mpole, asiyependa kelele. Kweli yenyewe ni kwamba tulikuwa mwaka wa nne tunaishi kama mtu na mwenziwe, na kile chumba kilikaa madaftari yake tu.

Jirani yetu akakitaka. Wapimaji wa makampuni ya gesi walikuwa wanapita mji mzima wakitafuta pa kulala, naye ndiye aliyekuwa akiwatafutia. Nikamkatalia mara mbili. Mara ya tatu akanifuata karakana, akakaa juu ya friza bovu.

"Fundi, mimi si mtu wa maneno," akasema taratibu. "Lakini ile sheria ya Mreno bado ipo. Mwanamume na mwanamume, polisi wanajua pa kuwapeleka. Na mwalimu anakula mshahara wa serikali."

Sikupata kusikia mtu wa kwetu aliyefungwa kwa sheria ile. Hata hivyo, tangu siku hiyo sikutulia. Nashika bisibisi, naiweka, natoka nje kuchungulia, narudi nimesahau nilikuwa nafungua nini. Nyumbani nilikemea kila kitu, hata kuku.

Mwalimu nilimweleza, naye ndiye aliyeshindwa kwanza. "Wewe una ufundi wako," akaniambia tukila mchana. "Mimi wakinitoa eskola, nisifundishe tena, nimekwisha."

Akaomba uhamisho, wakampeleka shule ya Mbau, mbali na mji. Chumba nikakitia kufuli, jirani sikumpa.

Kila Ijumaa baada ya swala nilipanda pikipiki kwenda Mbau, nikisingizia kuna friza la muuza soda linanisumbua. Safari moja nilimkuta ana wageni. Tukaongea barabarani kama watu waliokutana sokoni: mvua, barabara, bei ya mihogo. Nikarudi siku ileile, na njia nzima nilikuwa nabishana naye peke yangu.

Halafu redio ikatangaza kwamba nchi ina kodigu mpya, kitabu cha sheria za makosa ya jinai. Mimi sikutia maanani. Jumamosi moja asubuhi, mwalimu akashuka kwenye lori na bahasha ya karatasi zilizochapwa. Akazitandaza mkekani, akanisomea kifungu cha zamani, kisha akapekua kodigu mpya.

"Hakimo," akasema.

"Soma tena."

"Nimesoma mara nne. Wamekifuta."

Dada yangu, anayekaa nyumba ya pili, akaingia na sahani ya mihogo. Mwalimu akamwamkia, "Shikamoo, dada." Akaitikia, akauliza hizo karatasi za nini. Mwalimu akaanza kuzikusanya. Mimi nikamwambia yote, tangu mwanzo. Sikuwa nimepata kumwambia mtu.

Akakaa chini. "Kwa hiyo sasa serikali inaruhusu?"

"Haijaruhusu, dada," mwalimu akajibu. "Imeacha kutufunga."

"Mungu hajafuta kitu," akasema. Akaiacha sahani pale, akaondoka bila kuaga.

Sikuweza kukaa. Nikavuka uwanja mpaka kwa jirani, karatasi mkononi. "Kile kifungu hakipo tena," nikamwambia.

Akaitazama karatasi bila kuipokea. "Fundi, mimi kifungu cha nini? Nilitaka chumba."

Nikaikunja karatasi. Mwaka mzima wa hofu, na yule mtu alikwisha kupata vyumba kwingine.

Mwalimu hakurudi upesi. Alisema sheria imeondoka, lakini mkuu wa eskola na wazazi wako palepale. Tukagombana juu ya hilo zaidi ya mara moja. Muhula ulipoisha akaomba uhamisho, akanyimwa, akaomba tena. Mwaka wa masomo ulipoanza akarudi.

Miezi yote hiyo dada alikuwa hajaingia kwangu. Siku ya tatu baada ya mwalimu kurudi, akaja na binti yake wa mwisho, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, huyu Kireno kinamshinda. Utaweza kumsaidia?"

"Nitaweza, dada."

Wakaanza palepale, barazani, mbele ya wapita njia. Mimi nilikuwa ndani, natoka chumba hiki naingia kile, nikisubiri mtu wa njiani aseme neno. Walipita wengi. Nilisikia salamu tu, na yule mtoto akikosea na kurudia.