Blanketi Juu ya Miche

Mama alibakiwa na mbegu za ngogwe zisizojaza kiganja, amezifunga kitambaani pamoja na majivu. Nyanya chungu zile alizirithi kwa mama yake, na Tabora nzima sikumpata mwingine mwenye mbegu ya aina ile. Tangu augue, chakula kilikuwa hakishuki. Mgonjwa haulizwi uji, lakini mimi niliuliza kila siku, naye alijibu lile lile: "Nipikie ngogwe zangu."

Uani kwetu kuku na mchwa hawabakishi kitu. Basi nikaziotesha zote ndani, kwenye trei juu ya kichanja chumbani kwake, chini ya taa mbili za kukuzia miche nilizoagiza Dar. Nilijua ngogwe hazizai upesi. Nilijua pia mama amebaki mifupa. Nilizipanda hivyo hivyo, maana sikuwa na lingine la kufanya.

Miche kumi na tisa ikatoka, mifupi, minene, ya kijani. Mama akawa analala ubavu mchana kutwa anaitazama. Wageni waliokuja kumjulia hali waliisifu kuliko walivyompa pole.

Kisha nikaitwa msibani Nzega. Nilimwachia jirani mama na miche, nikasisitiza taa zisizimwe mchana.

Niliporudi siku ya nne, taa zilikuwa zimezimwa. Blanketi zito la mama lilikuwa limefunika kichanja kizima, naye amejikunyata kitandani na khanga moja.

"Shikamoo mama. Nani kafanya hivi?"

"Marahaba. Mimi. Yule shoga yako aliyekuja siku uliyoondoka kaisifu miche bila kusema mashallah. Jicho lile lingeiua yote. Nikainuka mwenyewe, nikamkataza jirani asifunue."

Alikuwa hajasimama kwa wiki tatu. Hasira ilinijaa, na sikuwa na wa kumtolea.

Nikafunua. Miche ilikuwa mirefu, myembamba, imepauka, mingi imelala juu ya udongo. Ikikosa mwanga hukimbilia juu hadi nguvu zinaiishia. Mbegu nyingine sikuwa nayo hata moja.

Mama akainua kichwa kutoka kwenye mto. Sikuwa nimeuona uso ule ukicheka tangu mwezi uliopita.

"Ona ilivyorefuka, mwanangu! Siku nne tu!"

"Mashallah, mama," nikasema, nikamfunika blanketi lake.