Gari Moja, Majengo Mawili

Odalie Dardar alikuwa mtu wa vinamasi vya kusini mwa Luiziana, mjane wa mvuvi wa kamba, na msimamizi wa chumba safi, cha kupimia sampuli zisizotakiwa kuguswa na uchafu, katika kituo cha utafiti kando ya mfereji. Marehemu Ulysse alimwachia gari la mizigo, binti mmoja, na jina ambalo halijawahi kutajwa kwa ubaya, dukani wala kanisani.

Kazi ya chumba ilikuwa kuyafuata mafuta yaliyomwagika kinamasini. Kila kilicho hai kina kaboni yenye mnururisho kidogo. Mafuta, kwa kukaa mno chini ya ardhi, hayana kabisa. Bakteria huyala mafuta, vidudu vya maji huwala bakteria, uduvi huvila vidudu. Mnururisho wa uduvi ukipungua, Odalie hujua mafuta yamefika kwao.

Watu wa jengo la pili la kituo walikwenda kinyume: waliyatia mafuta kaboni yenye mnururisho mwingi, kisha wakatazama nani kayala. Chembe yake moja haimdhuru mtu, ila huharibu sampuli zote za chumba safi. Ndiyo maana mtu wa huko hakanyagi huku. Hata kalamu haziazimwi.

Msimu mmoja majibu ya uduvi yalirudi na mnururisho ambao hakuna kiumbe aliyepata kuwa nao. Kuna mtu kaleta uchafu. Odalie alimshuku Wilton Billiot, dereva wa boti ya kuchotea tope la kupimwa, kwa kuwa alijulikana kupenda kahawa ya jengo la pili. Alimwambia mbele ya watu kwamba kuna waliolelewa na kuna waliokua tu.

“Kahawa yao wananipitishia dirishani, Bi Odalie, nainywa nje kama mbwa wa jirani,” Wilton alijibu bila hasira. “Wewe pangusa kwanza, matusi utaniongezea baadaye.”

Odalie akapangusa kwa pamba kila kitu, na pamba zikapimwa. Buti za Wilton zilikuwa safi, boti safi. Uchafu ulikuwa kwenye kitasa cha chumba, kwenye droo, na kwenye kiti cha Odalie mwenyewe. Kisha akapangusa funguo za gari lake. Hizo ndizo zilizozidi vyote kwa uchafu.

Clélie, binti yake, alikuwa ameajiriwa jengo la pili tangu majira ya kuchipua. Kila akitoka kazini alivua koti, aliacha viatu, alinawa. Lakini gari waliliendesha kwa zamu, na funguo hakuna aliyezihesabu kuwa ni vitu vya kazini.

Jioni, wakimenya kamba, Odalie alimweleza.

“Tuzioshe tu, Mama, na usukani,” Clélie alisema. “Nani atajua?”

“Watajua ni Billiot.”

“Wewe si ndiye uliyewaambia?”

“Ndiyo hilo linaloniuma, mwanangu.”

Alijua dukani watasemaje. Alijua pia kwamba jina likikaa safi kwa kumpaka mwenzako matope, Ulysse asingelitaka. Asubuhi alisimama kikaoni, nywele kazibana vizuri.

“Uchafu umetoka kwenye gari letu, sisi akina Dardar,” alisema. “Wilton nilimwonea.”

Wilton aliinamia kofia yake, akasema yamekwisha.

Chumba kilifungwa, meza zikatupwa, sampuli zikachukuliwa upya. Kanuni mpya ilikuwa wazi: watu wa nyumba moja hawawezi kufanya kazi mmoja jengo hili na mwingine lile. Clélie alitaka kuacha kazi. Mama yake hakutaka hata kulisikia hilo. Akaomba yeye ahamishiwe jengo la pili, ambako binti ndiye angekuwa mkubwa wake.

“Jumatatu nitakufundisha kuvua glavu,” Clélie alimwambia.

“Nikikosea?”

“Nitakukaripia mbele ya watu.”

Odalie aliwaza kidogo, akasema ni haki.