Saa Niliyoirudisha Kampala

Mteja akiniwekea saa mezani, kabla sijaigusa humuuliza, "Unataka nikufanyie nini?" Watu hucheka. Wengine hukasirika. Juzi mwalimu mmoja aliniambia, "Mzee, hii ni saa na wewe ni fundi saa. Ulidhani nataka uipike?" Na acheke tu. Mimi najua kwa nini nauliza, na leo nataka niseme, maana nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Miaka ile ya sabini nilikuwa na kibanda changu Kisumu, mimi mtu wa Mombasa niliyetupwa na riziki mpaka ukingoni mwa ziwa. Saa ishirini ukutani na mezani, zote zinagonga, hakuna mbili zinazokubaliana. Mke wangu alikuwa pwani akimuuguza mamake, mwezi wa tatu huo. Macho yangu yalikuwa yamevimba, yanatoka machozi kama ya mtu anayekata vitunguu kutwa. Daktari akaniamuru nivae miwani nyeusi ya jua na nisitazame saa hata moja kwa wiki nzima. Nikavaa miwani, nikaendelea kutazama saa. Mtu atakula nini?

Ijumaa moja nikatoka msikitini nirudi kazini, ufunguo wa kibanda mkononi, na miguu ikakataa. Wallahi ilikataa. Nilikuwa nimesimama karibu na stendi, na basi la Kampala linanguruma pale likiwa na nafasi. Nikapanda. Pasi yangu ya safari ilikuwa mfukoni, mswaki sina. Sikumwambia mtu. Nilitaka siku mbili tatu tu, mahali ambapo hapana mtu atakayeninyooshea saa.

Habari za Kampala nilizijua. Nani hakuzijua? Wanajeshi ndio waliokuwa serikali, na kila siku tulisikia Kisumu jinsi watu walivyotiwa kwenye buti ya gari mchana kweupe wasionekane tena. Lakini aliyechoka hasikii vizuri. Nilijiambia hayo ni mambo ya wakubwa, mimi fundi saa atanitaka nani?

Ng'ambo ya mpaka tukaanza kukutana na vizuizi vya askari. Kwenye kizuizi cha tatu wakatushusha. Abiria wenzangu hata majina yao waliyataja kwa kigugumizi. Mimi nikamwamkia askari kama ninavyomwamkia mtu yeyote. "Habari za kazi, ndugu yangu? Poleni na jua." Alifurahi huyo! Akaniuliza Kiswahili kitamu hivi nimekipata wapi, tukacheka, akanipiga bega, akaniambia nirudi nikakae ndani. Wenzangu walipekuliwa nusu saa nzima. Waliporudi, bibi aliyekuwa amekaa kando yangu akaenda kusimama nyuma, na kiti chake kitupu. Nami nikafurahi! Nikanyoosha miguu.

Hebu nitazame nilivyokuwa. Miwani nyeusi, na jua linakuchwa. Shati la maua alilonishonea mke wangu, suruali bugaluu. Kiswahili kinatiririka, katika mji ambao Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini na kituo cha polisi. Na juu ya yote hayo, tabia ya kazi yangu: nikimwamkia mtu, kabla ya uso wake naangalia mkono wake wa kushoto. Siwezi kuacha, ni miaka mingi. Kumbe wale waliokuwa wakichukua watu mjini mle walivaa hivyo, walisema hivyo, na wakiitazama saa ya mtu, mtu huyo huivua mwenyewe akawapa.

Nyumba ya wageni niliyoipata ilikuwa Old Kampala, nyuma ya maduka ya Wahindi waliofukuzwa, majina yao bado yanasomeka chini ya rangi mpya. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kiganda wa miaka arobaini hivi, vazi lake la gomesi safi, uso wa mtu asiyelala. Aliponiona akapiga magoti. Nilikuwa nimesikia kwamba wanawake wa Kiganda humpigia mgeni magoti kwa adabu, basi nikasema moyoni, loo, heshima hii! Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia fundi saa. "Ndiyo, ssebo," akaitikia, yaani bwana, na hakuniamini hata kidogo. Mafundi saa wa mji ule walikuwa Wahindi na walikwisha ondoka. Na wale watu wa serikali, kila mmoja wao alikuwa na kazi ya uongo ya kumtajia mtu.

Nikuambie mapema, msomaji, usije ukawa mjinga pamoja nami. Mume wa mama huyu alikuwa amechukuliwa wiki sita nyuma, pale pale mlangoni, kwa gari lisilo na namba. Mama hakujua kama yu hai au amekufa, na hilo tu ndilo alilotaka kujua duniani. Hakuwa na wa kumuuliza, maana kuuliza ndiko kulikowapoteza wengine. Ndipo nikaingia mimi na miwani yangu.

Jioni ile aliniletea matoke, nyama, na chai ya sukari. Sukari! Mji mzima sukari ilikuwa haionekani, wala chumvi, wala sabuni. Mimi nikanywa vikombe viwili nikaomba cha tatu. Mgeni njoo mwenyeji apone, si ndivyo tusemavyo? Nikalala kama gogo mpaka Jumamosi jua likawa utosini.

Nilipoamka nikaenda msikitini kuswali adhuhuri. Nje nikakutana na mzee mmoja, mwalimu wa chuo cha Kurani, jirani wa nyumba ile niliyolala. Babu yake alifika na wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa, akabaki. Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya kwetu, nikafurahi kama niliyemwona mjomba. "Shikamoo, mzee wangu." Akaitikia marahaba, lakini nilipotupa jicho mkononi mwake, akavuta mkono wa kanzu ukaifunika saa. Nikamuuliza habari za mji. "Tunamshukuru Mungu." Na za nyumbani? "Mungu anasaidia." Nikachoka naye, nikarudi kulala.

Alasiri mlango ukagongwa. Ni yule mama. Akapiga magoti tena, akafungua leso nyeupe, ndani yake saa ya mkononi ya kiume, ya chuma, kamba yake ya ngozi imeingia jasho la miaka. Ilikuwa imesimama.

"Iko ya bwana yangu," akasema. "Ssebo, wewe nasaidia mimi. Wewe chukua."

Hata huku! Nimewakimbia watu na saa zao, nimevuka mpaka, nimejificha chumbani, na saa imenifuata mpaka kitandani. Nilikaribia kulia. "Haya, weka hapo," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa. Akaiweka mezani, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Yeye bila saa hawezi," akasema.

Nikadhani ni wale wanaume wa kupenda saa, ninao wengi Kisumu. Sikumuuliza mumewe yuko wapi. Sikumuuliza saa ina nini. Kuuliza si ujinga, nimefundishwa tangu utoto, lakini siku ile nilikuwa nimechoka hata kufungua mdomo.

Jumapili asubuhi, kengele za kanisa la Lubaga zikilia kule kilimani, nikabana kioo changu cha kukuzia jichoni, nikafungua mfuniko kwa kile kisu kidogo nisichoachana nacho. Ndani safi kabisa. Hapana vumbi, hapana kutu, hapana jino lililovunjika. Saa haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa haijatiwa ufunguo tu. Nikakizungusha kile kitufe cha pembeni, ikaanza kutembea kama jana. Fundi mwenye akili hapo angejiuliza, ni nani huyu anayeleta saa nzima kwa fundi? Mimi nikaguna tu, nikaipangusa kioo, nikailinganisha na redio ya jirani, nikateremka nayo.

Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Chukua saa yako, mama," nikamwambia, nikamwekea kiganjani. "Mimi kesho naondoka."

Akaitazama. Akanitazama mimi. Kisha akapiga yowe, ungo ukamtoka mapajani, maharage yakatawanyika ua mzima. Akaanguka chini na saa ameishikilia kifuani. Nikadhani ameumwa na nyoka, wallahi nikawa natafuta nyoka. Wanawake wa majirani wakaingia mbio, wawili wakamshika, wengine wakajifunga vitambaa viunoni bila kuuliza lolote. Mmoja akaburuta magogo katikati ya ua akawasha moto, na mchana ni mweupe. Hapana aliyenisogelea. Walinizunguka kwa mbali, kama shimo.

Mwalimu wa chuo akaja. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Mwanangu," akasema, "maiti umeiona kwa macho yako?"

"Maiti ya nani, mzee?"

Akanipima kwa macho. Kisha akanieleza, polepole, kama anayemweleza mtoto. Katika mji ule mtu akishikwa, mkewe humtafuta mmoja wa wale watu, akampa kitu ampelekee mumewe. Shati, blanketi, chochote. Kikipokelewa, mume yu hai. Kikirudi nyumbani, watu wanajifunga vitambaa viunoni na kuwasha moto wa matanga. "Alikupa saa ya mumewe umpelekee," akasema. "Wewe umeirudisha."

Nikavua miwani, aone macho yangu mekundu yanavyochuruzika. Nikatoa mfukoni kile kioo, kile kisu, bisibisi yangu ya inchi moja. "Mimi ni fundi saa, mzee wangu. Fundi saa kweli. Nilidhani anataka itengenezwe."

"Lahaula," akasema. Akakaa chini kwenye kizingiti kama mtu aliyeshushwa mzigo na kubebeshwa mwingine. "Basi nenda kamwambie mwenyewe. Mimi siwezi."

Nami nilidhani nampelekea habari njema! Nilikwenda upesi, karibu natabasamu. Nikachuchumaa mbele yake, wanawake wakajitenga.

"Mama, mimi si mtu wa serikali. Nisamehe. Nilidhani saa imeharibika. Mumeo sijamwona, habari yake sina."

Akaacha kulia pale pale.

"Wewe hapana jua yeye iko wapi?"

"Sijui, mama."

"Hapana jua amekufa?"

"Sijui."

"Hapana jua iko mzima?"

Nikatikisa kichwa. Uso wake nikauona unabadilika, na haikuwa furaha. Kwa nusu saa ile alikuwa amepata moto wake, amepata mikono ya kumshika, amepata ruhusa ya kuanguka chini na kulia mbele za watu baada ya wiki sita za kupiga magoti. Na hata hicho nikamnyang'anya. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, na nimezeeka sasa.

"Basi mimi nangoja tena," akasema.

Akasimama. Akachukua sufuria ya maji aliyokuwa ameteka kwa ajili ya maharage, akayamwaga motoni. Moshi ukatufunika sote. Wanawake wakaanza kufungua vitambaa viunoni, mmoja mmoja, wakaondoka bila kuaga. Mzee akainuka kizingitini akawafuata.

Sikujua niende wapi, nikabaki nimesimama pale na vifaa vyangu mkononi. Mama akanisogelea. Hakupiga magoti tena. Akaninyooshea saa.

"Hii natia ufunguo mara ngapi?"

"Kila siku, mama. Asubuhi."

Nikamwonyesha, kwa kidole gumba na cha shahada, izungushwe mpaka ikaze, isilazimishwe. Akajaribu mwenyewe. Akakosea, nikamwonyesha tena, akaweza. Kisha akaifunga mkononi mwake. Hata kwenye tundu la mwisho kamba ilimpwaya, ilikuwa ya mkono wa mwanamume mnene, basi akaishikilia kwa mkono wa pili isimdondoke, akainama akaanza kuyaokota maharage kwa ncha za vidole vilivyobaki huru.